Matairi ya begi yameisha: namna ya kuyabadilisha mwenyewe nyumbani

Shangazi yangu aliwasili kutoka Muscat na begi la kilo 30, na kutoka mlango wa uwanja wa ndege hadi kwenye gari lilikuwa likikwaruza kama jembe linaloburutwa juu ya lami. Tairi moja halikuzunguka kabisa. Upande wake wa chini ulikuwa umelika ukawa bapa, na plastiki ya ndani imeanza kuchungulia.

"Tukifika nyumbani nitolee vitu, kisha hilo begi ulitupe," aliniambia.

"Shangazi, niachie siku mbili."

Begi lenyewe lilikuwa zima. Zipu zinafunga, mpini unapanda na kushuka, ganda halina ufa hata mmoja. Kilichokufa ni vipande viwili vya mpira ambavyo kila kimoja kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Huwa naumia nikiona mabegi ya namna hiyo yamerundikwa jalalani, kwa sababu kazi ya kuyafufua ni ya jioni moja, na vifaa vyake viko kwa kila muuza vifaa vya ujenzi. Wengi hukwama mahali pamoja tu: wanaenda dukani bila vipimo, wananunua tairi kwa macho, halafu haliingii. Kwa hiyo katika maelezo haya nitakaa sana kwenye kupima na kwenye kutoa ekseli ya zamani, yaani kile kijiti cha chuma kinachopita katikati ya tairi. Mengine ni mepesi.

Kwanza jua linaumwa nini

Toa vitu vyote ndani ya begi. Lilaze juu ya shuka kuukuu, matairi yakiangalia juu mahali penye mwanga. Zungusha kila tairi kwa kidole kimoja kisha uliachie.

Tairi likigoma kuzunguka, au likizunguka kwa kukwamakwama ilhali mpira wake bado ni duara, hilo mara nyingi limejaa uchafu. Usinunue chochote bado.

Likizunguka lakini ukiona ukingo wake unapanda na kushuka, mpira umelika upande mmoja. Ugonjwa huu huzaliwa na ule wa kwanza: nywele na nyuzi zilijisokota kwenye ekseli, tairi likakwama, mwenye begi akaendelea kuvuta, na lami ikasaga sehemu ileile kama tupa. Ndiyo maana tairi jipya likiwekwa bila kusafisha ekseli na kuta zake hufa kifo kilekile.

Mpira ukibomoka vipande kama keki iliyokauka, au ukinata kidoleni, umeoza. Matairi mengi ya mabegi yamevikwa poliyurethani, na aina nyingi za plastiki hiyo haziwezi kustahimili unyevu wa muda mrefu. Maji yaliyomo hewani huvunja taratibu minyororo ya kemikali inayoishikilia. Ndiyo sababu ya lile jambo linalowashangaza watu wa Tanga, Mombasa na Unguja: begi limekaa juu ya kabati miaka minne bila safari, siku ya kulishusha matairi yanamwagika. Hakuna gundi inayotibu mpira uliooza. Badilisha.

Likiyumba kushoto na kulia ukilishika kwa vidole viwili, au likitoa mlio wa mchanga ndani, beringi, ile pete ya gololi iliyo katikati ya tairi, imekwisha. Na kama tairi ni zima lakini kile kikombe cha plastiki kinachoishikilia ekseli kimepasuka, tatizo liko kwenye nyumba ya tairi. Hilo nitalifikia baadaye.

Safisha kabla ya kununua

Chukua wembe mkali au mkasi mdogo wa kucha, kibanio cha nyusi, mswaki wa zamani na kitambaa. Kata nywele na nyuzi zilizojisokota kati ya tairi na ukuta wa nyumba yake. Kata sambamba na ekseli, sehemu mbilitatu, kisha vuta vipande kwa kibanio. Kuwa na subira hapa. Kwenye begi la shangazi nilitoa fundo la nywele na nyuzi za zulia lililokuwa gumu kama kizibo cha chupa.

Futa kwa maji ya sabuni kidogo, kausha, zungusha tena. Likizunguka vizuri na mpira ni duara, kazi yako imeisha kwa gharama ya wembe mmoja.

Kuna kosa ninaloliona kila mara: mtu anamimina mafuta ya kupikia au oili chafu ya gari kwenye tairi linalolia. Kwa siku mbili kelele hupungua, halafu mafuta hukamata vumbi na mchanga, na huo mchanganyiko husaga beringi na ekseli. Kama ekseli ni ya chuma inayopita kwenye plastiki bila beringi, paka grisi kiasi cha punje ya mchele, uipanguse hadi ibaki utando tu. Kama kuna beringi yenye kifuniko, iache ilivyo. Na usikaribishe petroli wala thina kwenye begi la ganda gumu. Mengi ya maganda hayo ni ya polikaboneti, na vimiminika hivyo huweza kuifanya ipate nyufa ndogondogo ambazo utaziona baada ya kuwa umeshasafiri.

Vipimo vitano

Tafuta rula yenye milimita, au bora zaidi kalipa, kile kipimio chenye taya mbili. Zile za plastiki zinatosha kabisa. Andika vipimo hivi kwenye karatasi.

Cha kwanza ni kipenyo cha tairi, yaani umbali kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ukipita katikati. Usipime tairi lililolika, litakudanganya. Pima lililo zima zaidi, na kama yote yamelika, pima kutoka katikati ya ekseli hadi sehemu ya mpira iliyobaki ndefu kuliko zote, kisha zidisha mara mbili. Mengine yana namba pembeni: ukisoma 50×18, ni kipenyo cha milimita 50 na upana wa milimita 18.

Cha pili ni upana wa tairi. Pima katikati, pale beringi zilipo, kwa sababu beringi mara nyingi hutokeza kidogo kupita mpira.

Cha tatu ni tundu la ekseli. Kwenye mabegi mengi ni milimita 6, lakini usikubali kubahatisha.

Cha nne ni nafasi ya ndani ya nyumba ya tairi, kutoka ukuta hadi ukuta, pamoja na nafasi iliyopo juu ya tairi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu anasema, ngoja niweke tairi kubwa kidogo lipite vizuri kwenye mashimo. Akishalifunga linagusa dari ya nyumba yake na begi haliendi. Baina ya mpira na plastiki acha angalau milimita 2 au 3, maana begi likijaa plastiki hujikunja kidogo.

Cha tano ni upana wa nje wa nyumba hiyo, kutoka uso mmoja hadi wa pili pale ekseli inapotokeza. Hicho ndicho kitakachokuambia urefu wa bolti.

Nikupe mfano wa begi la shangazi. Tairi 50, upana 18, na kwenye beringi 20. Tundu 6. Nafasi ya ndani 22, kwa hiyo kila upande ulibaki na milimita 1 ya washa nyembamba, ile pete bapa ya chuma inayovaliwa na bolti. Upana wa nje 34. Bolti ikapatikana hivi: 34 za nyumba, ongeza 3 za washa mbili za nje, ongeza 6 za nati, ongeza 2 za meno yanayotokeza mbele ya nati. Jumla 45. Nikanunua bolti mbili za milimita 6 kwa 45, na zikaingia kama zilizaliwa humo.

Kununua

Nunua mawili hata kama limekufa moja. Tairi jipya la milimita 50 likiwa jirani na la zamani lililobaki 45, begi litainama, litavuta upande, na uzito wote utaegemea upande mmoja.

Matairi ya akiba huuzwa kwa seti: tairi, ekseli, washa, wakati mwingine na funguo. Kariakoo ukiuliza kwenye maduka ya mabegi utaelekezwa, na mafundi wa mabegi na viatu nao huwa na ndoo ya matairi waliyoyavua kwenye mabegi yaliyokufa. Ndoo hiyo usiidharau. Nenda na tairi lako la zamani mkononi, ulilinganishe tundu kwa tundu.

Njia nyingine ni viatu vya matairi vya mitumba, vile vyenye matairi manne kwenye mstari mmoja. Vya watoto hupatikana vyenye matairi ya milimita 64 au 70, na begi kubwa lenye nafasi huweza kuyapokea. Haya ni matairi mazuri sana, yametengenezwa kubeba mtu anayeruka. Pembeni yake utaona namba kama 82A au 85A: hicho ni kipimo cha ugumu. Namba ikipanda, mpira ni mgumu zaidi na una kelele zaidi. Ikishuka, ni laini, unapita kimya, lakini unalika mapema. Kwa njia zetu za lami iliyochunwa na kokoto mimi huchagua 85A.

Angalia pia beringi za tairi unalonunua. Zimeandikwa namba. 608 ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22 na unene 7. Ndiyo ileile iliyomo kwenye viatu vya matairi na katika vile vichezeo vya kuzungusha kidoleni. 626 ina tundu la 6, nje 19, unene 6. Ukipata tairi lenye 608 na begi lako linatumia ekseli ya 6, unahitaji bushi ndogo ya chuma ya kujaza hizo milimita 2. Usifunge bila bushi ukidhani itakaza. Tairi litacheza, na ndani ya safari moja tundu la nyumba litakuwa limepanuka.

Vifaa vingine: nati zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko, washa ndogo na washa pana, msumeno wa chuma wenye meno 24 au 32 kwa inchi, koleo, spana namba 10, ambayo ndiyo ya bolti ya kawaida ya milimita 6, tupa, miwani ya kukinga macho.

Kutoa ekseli ya zamani

Chunguza ekseli inaishia wapi. Kama ina tundu la pembe sita au alama ya bisibisi kichwani, bahati imekuangukia. Ingiza funguo upande mmoja, shikilia upande wa pili kwa nyingine, legeza. Kama imeganda kwa kutu, weka tone moja la mafuta mepesi, acha usiku mzima, jaribu tena.

Kama vichwa havionekani, fungua zipu ya bitana ndani ya begi, upande wa chini. Mabegi karibu yote yana zipu hiyo na watu humiliki begi miaka kumi bila kuifungua. Utakuta skrubu zinazoshikilia nyumba ya tairi. Zitoe na nyumba itoke nzima, uifanyie kazi mezani. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa skrubu ya kwanza, kwa sababu nyumba ya kulia na ya kushoto hazifanani.

Mara nyingi zaidi utakuta ribiti: kichwa laini cha duara kila upande, hakuna pa kushika. Hii haifunguliwi, inakatwa.

Njia ninayoipenda ni hii. Tairi la zamani si la kuhifadhi, basi lianze lenyewe. Kata mpira kwa kisu kikali uuvue kama ganda la chungwa. Kisha kata ile plastiki ya ndani kwa msumeno hadi ekseli ibaki wazi katikati. Sasa una nafasi ya kutosha ya kupitisha msumeno bila kugusa kuta za nyumba. Watu wengi huanza kwa kuchokonoa kile kijinafasi cha milimita moja kati ya tairi na ukuta, wanaikata plastiki ya begi badala ya chuma, halafu wanalaumu begi.

Kama fremu ya msumeno haiingii, toa ubapa wake wenye meno uutumie mkononi, ncha moja ukiizungushia kitambaa na tepu. Bandika tepu tabaka mbilitatu kwenye kuta za plastiki kama ngao. Ekseli ikijizungusha wakati unakata, ishike kwa koleo. Kata kwa mwendo mrefu wa polepole. Chuma cha milimita 6 kwa mkono huchukua dakika kumi hadi ishirini, na mwisho wake huwa moto, kwa hiyo usiushike kwa vidole papo hapo. Ekseli ikishakuwa vipande viwili, kigonge kila kimoja kwa msumari mnene na nyundo ndogo kitoke nje.

Tafadhali usitumie grainda. Najua inakata kwa sekunde chache, lakini cheche na joto lake huyeyusha nyumba ya tairi, na tundu la ekseli lililoyeyuka halirudi duara. Drili inaweza kutumika kwa kuchimba kichwa cha ribiti, ukianza na biti ya milimita 3 au 4 kisha 6, mradi umpate mtu akusaidie kubana upande wa pili kwa koleo. Ribiti ikianza kuzunguka pamoja na drili, acha, rudi kwenye msumeno.

Ukimaliza, ingiza bolti mpya kwenye matundu matupu. Iingie kwa kusukumwa kwa kidole, bila kuchezacheza. Vipande vya plastiki vilivyonyanyuka vipitishie tupa.

Kufunga tairi jipya

Mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia: kichwa cha bolti, washa pana, ukuta wa nyumba, washa ndogo, tairi, washa ndogo, ukuta wa pili, washa pana, nati.

Zile washa ndogo za ndani ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Zinatakiwa ziguse ile pete ya ndani ya beringi tu, ile iliyovaa bolti. Washa ikiwa pana ikagusa pete ya nje, utakapokaza nati tairi litashikwa kama breki. Ukikosa washa ndogo za kutosha, kipande cha bomba jembamba la chuma kilichokatwa kwa milimita hufanya kazi ileile.

Chagua bolti ambayo sehemu ya katikati ni laini, meno yakianzia karibu na nati. Bolti yenye meno mwili mzima inafaa kwa dharura, lakini meno yake hutafuna plastiki ya nyumba kidogo kidogo.

Kaza nati huku ukizungusha tairi kwa mkono mwingine. Itafika hatua tairi litaanza kuwa zito: kuta za nyumba zinaingia ndani. Rudisha nati robo mzunguko. Tairi lizunguke lenyewe na liwe na mchezo wa pembeni usiozidi milimita moja. Gundi ya kufungia meno ya bolti iache dukani. Aina nyingi za gundi hiyo zikigusa plastiki ngumu huipasua. Nati ya nailoni inatosha. Mwisho, kama bolti imetokeza zaidi ya meno mawili matatu, ikate na uilainishe kwa tupa. Chuma kinachotokeza kitanasa kwenye mkanda wa mizigo au kitachana begi la jirani.

Begi la matairi manne

Begi la matairi yanayogeuka pande zote lina ugonjwa wa ziada. Juu ya kila tairi kuna uma unaozunguka kwenye kijiti chake, na kijiti hicho kikilegea tairi litayumba hata ukilibadilisha mara kumi. Shika uma, utikise. Ukicheza sana, usihangaike na tairi peke yake. Nunua kipande kizima, yaani tairi, uma na kikalio chake kinachofungwa kwenye begi kwa skrubu, vyote pamoja.

Hapo vipimo vinabadilika: pima umbali wa matundu ya skrubu kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, kila upande wa kikalio, na kimo kutoka kikalio hadi sakafu. Kimo kikizidi kwa milimita 5 kwenye kona moja begi halitasimama sawasawa. Vitoe viwili vya upande mmoja, uende navyo dukani.

Niseme wazi maoni yangu: kwa safari zetu begi la matairi mawili hudumu zaidi. Bernard Sadow alipopata hataza ya begi la matairi huko Marekani mwaka 1972, lilikuwa na matairi manne madogo na kamba ya kuvutia, likivutwa likiwa limelala, nalo likawa likiyumba. Mwaka 1987 rubani Robert Plath akalisimamisha juu ya matairi mawili na kulipa mpini mrefu, akiwafikiria wahudumu wa ndege wanaotembea kila siku. Matairi mawili huwa makubwa zaidi, yamezama ndani ya ganda, na hayana uma wa kuvunjika. Manne yanapendeza kwenye sakafu ya marumaru ya Dubai. Kwenye changarawe ya stendi ya mkoa yanateseka.

Nyumba ya tairi ikipasuka

Kama skrubu zimelegea kwa sababu matundu yamepanuka, toa skrubu na uweke bolti fupi zinazopita mpaka ndani ya begi, na washa pana upande wa ndani. Vichwa vifunike kwa kipande cha ngozi au mpira kabla ya kurudisha bitana, visichane nguo.

Ufa kwenye ukuta wa nyumba hauponi kwa supaglu. Plastiki nyingi zinazotumika hapo ni za jamii ambayo gundi haishiki vizuri. Ushone: toboa matundu ya milimita 2 pande zote mbili za ufa, pitisha waya mwembamba wa kufungia nondo, kaza kwa koleo, uulaze, kisha ndipo ufunike kwa gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa. Kwaruza plastiki kwa msasa kwanza ili gundi ipate pa kushika, na uiache saa 24. Lakini ukuta ukivunjika palepale kwenye tundu la ekseli, kushona hakutashika mzigo. Hapo tafuta nyumba nyingine kwenye begi lililokufa.

Umekosa tairi kabisa na safari ni kesho

Kama plastiki ya ndani na beringi ni nzima, kata mpira uliobaki wote, sugua plastiki kwa msasa, kisha zungushia mkanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana sawa na tairi. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika kumi hadi iache kunata kidoleni, vuta mkanda kwa nguvu unapozungusha. Endelea hadi ufikie kipenyo cha zamani, na ncha ya mwisho uikate kwa mshazari. Mvutano wa mkanda uelekee upande ambao tairi likizunguka mbele halitaufumua. Nimeona dawa hii ikibeba begi la kilo 20 kutoka Ubungo hadi Arusha na kurudi. Usiitegemee mwaka mzima.

Cha kudumu zaidi ni kumpelekea fundi wa kuchonga mwenye mashine, yule anayechonga bushi za magari, akukatie tairi kutoka kwenye nondo ya nailoni. Mpe vipimo vyako vitano. Litakuwa gumu na lenye kelele, lakini halitaoza kwa unyevu kama poliyurethani.

Kujaribu

Usingoje siku ya safari. Tia begi mchele au vitabu vya kilo 20, livute hatua mia tatu kwenye njia mbovu, lipandishe kingo mbili, kisha lilaze na ukague. Gusa katikati ya tairi: likiwa la moto, umekaza mno. Angalia kama kuna vumbi jeusi kwenye kuta. Hiyo ni alama kwamba mpira unagusa mahali. Nati iangalie tena baada ya safari ya kwanza.

Ngazi na mchanga ni mahali pa kunyanyua begi. Ukirudi safarini, futa matairi na ukate nywele kabla hazijaota fundo. Begi usilifunge ndani ya nailoni na kulisahau, hasa pwani. Liache mahali penye hewa, na wiki mbili kabla ya safari bonyeza mpira kwa ukucha. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au ukitoka na ungaunga, bado una muda wa kwenda dukani.

Begi la shangazi lilipanda ndege tena mwezi uliofuata. Ndani ya bitana, chini kabisa, nilibandika kipande cha plasta nikaandika kwa kalamu isiyofutika: tairi 50×18, tundu 6, bolti 6×45, mwezi na mwaka. Fanya hivyo na wewe kabla ya kufunga zipu, ili atakayelifungua tena asianze na rula.